Kamera ya Bei Nafuu: Tutazame Lenzi Kwanza

Mzazi hununua kamera ya dijitali ili ahifadhi sura za wanawe. Lakini mtoto afungapo bao jioni, picha hutoka na ukungu, na bao lile halirudiwi. Kosa liko wapi?

Tufanye hesabu. Mtoto akimbiaye mita 5 kwa sekunde husogea sentimita 10 katika 1/50 ya sekunde. Kamera ikifunguka kwa muda huo, umbo lake huvurugika. Katika 1/500 ya sekunde husogea sentimita 1 tu, na sura huonekana dhahiri. Hata hivyo, nuru iingiayo nayo hupungua mara kumi.

Upungufu huo hufidiwa na upana wa tundu la lenzi. Kadiri namba ya f ilivyo ndogo, ndivyo tundu lilivyo pana. Lenzi nyingi ziuzwazo pamoja na kamera, zikivuta mbali, hufikia f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza nuru karibu mara kumi zaidi, nayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini.

Basi mwenye fedha kidogo asihadaiwe na wingi wa pikseli: milioni 12 zatosha kwa picha ya ukubwa wa A4. Na anunue kamera iliyokwisha tumika, ibadilishayo lenzi, kisha salio alitumie kwa lenzi ya tundu pana inayooana nayo. Lenzi hiyo haivuti mbali. Itamfaa sebuleni penye taa hafifu, na uwanjani hana budi kusimama karibu na goli.