Swali la Mbunge Kuhusu Wakimbizi: Funzo la Uganda

Ni haki ya mbunge, na tena ni wajibu wake, kusimama Bungeni na kuitaka Serikali ieleze ni wageni wangapi wameingia nchini, kwa idhini ya nani, na ni akina nani wanaoshika nafasi katika utumishi wa umma. Mbunge asiyeuliza maswali ya namna hiyo hatimizi kazi aliyotumwa na wananchi. Lakini swali zuri laweza kupata jibu baya, na jibu hilo laweza kuzaa hata vita, endapo mambo matatu yaliyo mbalimbali yatafungwa katika furushi moja: uhamiaji, ukimbizi na ajira serikalini. Yaliyotokea katika nchi jirani ya Uganda mwaka 1990 yanalidhihirisha jambo hilo. Nayo yanawahusu hasa wale wanaovaa sare, kwa kuwa suala lililojadiliwa katika ukumbi wa Baraza lilimalizikia katika kambi za jeshi.

Kwanza hapana budi mambo hayo matatu yatenganishwe. Mhamiaji ni mtu aliyeihama nchi yake kwa hiari akitafuta kazi, biashara au malisho. Serikali yaweza kumpa kibali au kumnyima, na muda wake ukiisha yaweza kumwambia arudi kwao. Mkimbizi hakuchagua kuondoka. Ameikimbia nchi yake kwa kuhofia uhai wake, na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unakataza kumrudisha mahali ambako maisha yake yatakuwa hatarini. Mkataba huo huo unamtaka mkimbizi naye azitii sheria za nchi iliyompokea, na asijiingize katika vitendo vya kuihujumu nchi nyingine mwanachama. Ama ajira serikalini, hilo ni suala la uraia, yaani dola inamkabidhi nani majalada yake, fedha zake na silaha zake. Mtu mmoja aweza kuguswa na mambo yote matatu, lakini kila moja lina sheria yake.

Nchini Uganda, jina "Wanyarwanda" lilikusanya watu wa namna tatu. Walikuwapo wenyeji wa Bufumbira, katika kona ya kusini magharibi, ambao mipaka ya kikoloni ya mwaka 1910 iliwakuta majumbani mwao na kuwaweka upande wa Uganda. Walikuwapo wahamiaji waliokwenda Buganda wakati wa ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya pamba na kahawa, wakakaa huko wakazaa na kujukuu. Na walikuwapo wakimbizi waliotoka Rwanda tangu machafuko ya mwaka 1959, ambao wengi wao walipewa makazi kama yale ya Nakivale na Oruchinga. Watu hao walisema lugha moja na kuitwa jina moja, ingawa mbele ya sheria hawakuwa kitu kimoja.

Mwezi Oktoba 1982, wakati wa utawala wa Rais Milton Obote, viongozi wa chama tawala katika wilaya ya Mbarara, wakisaidiwa na vijana wa chama, waliwafukuza watu hao bila kubagua nani ni raia na nani ni mkimbizi. Nyumba zilibomolewa na ng'ombe wakaporwa. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia ndani ya makazi ya wakimbizi au walivuka kuingia Rwanda. Serikali ya Rwanda nayo ilifunga mpaka, na maelfu wakakwama Merama Hill, katikati ya nchi mbili ambazo kila moja iliwakana.

Kijana aliyeyaona hayo alijifunza kwamba kibali cha kukaa hakimlindi mtu. Wakati huo jeshi la msituni la NRA, lililoongozwa na Yoweri Museveni, lilikuwa limekwisha kuanza vita kwa kuishambulia kambi ya Kabamba tarehe 6 Februari 1981. Miongoni mwa wapiganaji wake wa mwanzo walikuwamo Fred Rwigyema na Paul Kagame, ambao wote wawili waliingia Uganda wakiwa watoto wa wakimbizi. Baada ya mateso ya mwaka 1982 vijana wengine wengi wa asili hiyo waliwafuata msituni. NRA ilipoiteka Kampala mwezi Januari 1986, maelfu ya askari wake walikuwa wa asili ya Rwanda. Rwigyema alipanda hata akawa Naibu Waziri wa Ulinzi, na Kagame akapewa madaraka makubwa katika usalama wa kijeshi.

Mwezi Julai 1986 Rais Museveni alitamka kwamba Wanyarwanda waliokaa Uganda kwa miaka kumi watastahili uraia. Mwezi huo huo, mjini Kigali, chama tawala cha Rwanda kilitamka kwamba nchi ni ndogo mno, haiwezi kuwarudisha wakimbizi wake wote. Basi mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa, na ule wa ugenini ulikuwa umefunguliwa kwa maneno tu, kwa kuwa ahadi hiyo haikugeuzwa kuwa sheria. Askari aliyekuwa ameimwagia Uganda damu yake alibaki hana hati ya kuonyesha kwamba yeye ni Mganda.

Katika hali hiyo maswali yalizuka, na hayakuwa maswali ya kipuuzi. Wananchi wa Uganda, pamoja na baadhi ya wajumbe wa Baraza la NRC, ambalo ndilo lililokuwa Bunge la nchi hiyo wakati ule, walihoji ni kwa msingi gani watu wasio raia washike vyeo vikubwa katika jeshi na serikali, ilhali wenyeji wapo. Mwaka 1989 Rwigyema aliondolewa katika wadhifa wake. Kisha, katikati ya mwaka 1990, ukazuka mgogoro wa ardhi huko Mawogola, ambako wafugaji wasio na ardhi walikuwa wakigombana na wenye ranchi. Mwezi Agosti Baraza liliitishwa kulijadili jambo hilo. Swali la ardhi likageuka haraka kuwa swali la nani mwananchi na nani mgeni, na matokeo yake yakawa kwamba wakimbizi hawangegawiwa ardhi hiyo.

Mbele ya sheria jibu hilo lilikuwa na hoja, kwani hakuna nchi inayolazimika kugawa ardhi yake kwa mtu asiye raia. Lakini lilikosa nusu yake ya pili. Halikueleza yule mkimbizi wa miaka thelathini, aliyekataliwa kwao, aende wapi. Wala halikueleza yule askari asiye na uraia, ambaye bado alikuwa na bunduki ya serikali mkononi, awekwe katika fungu gani.

Jibu walijipa wenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1990, Rais wa Uganda na Rais wa Rwanda wote wakiwa Marekani kwa ajili ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu watoto, askari kwa maelfu waliyaacha majeshi ya Uganda wakiwa na silaha zao, wakavuka mpaka huko Kagitumba na kuanza vita ya RPF. Rwigyema aliuawa katika siku ya pili ya vita hiyo. Mipango ya kurudi Rwanda ilikuwa imekwisha kuandaliwa kabla ya mjadala wa Agosti, wala si haki kuutwisha mjadala huo mzigo wote. Hata hivyo, mjadala ule uliwathibitishia wengi kwamba hawakuwa na mahali pengine pa kusimama. Miaka minne baadaye, katika mwaka 1994, wale waliokuwa wakitawala Rwanda waliendesha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, katika muda wa saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Tanzania.

Njia nyingine ilikuwapo. Tanzania iliwapa uraia maelfu ya wakimbizi wa Rwanda mwaka 1980, na mtu aliyekuwa mkimbizi jana akawa raia mwenye haki na wajibu kama wengine. Na mwezi Februari 1991 viongozi wa nchi za eneo hili walikutana Dar es Salaam na kutoa azimio kuhusu wakimbizi wa Rwanda: warudi kwao kwa hiari, au wapewe makazi na uraia huko waliko. Lilikuwa jibu sahihi, bali lilitolewa baada ya risasi kuanza kulia.

Uganda yenyewe ilijifunza. Katiba yake ya mwaka 1995 inawataja Wanyarwanda miongoni mwa jamii zilizokuwamo ndani ya mipaka ya nchi hiyo tarehe 1 Februari 1926, na kwa hiyo wazawa wa jamii hiyo ni raia kwa kuzaliwa. Katiba hiyo hiyo inaagiza kwamba askari wa jeshi na wa polisi sharti wawe raia wenye tabia njema. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 nayo inampa mkimbizi haki ya kutembea na kufanya kazi. Hivyo mambo matatu yaliyokuwa yamefungwa pamoja yalitenganishwa, na kila moja likapewa sheria yake. Kufikia mwaka 2023 nchi hiyo ilikuwa imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5.

Askari aliyesimama mpakani au kwenye kizuizi cha barabarani hakumpa mtu uraia, wala hana mamlaka ya kumnyang'anya. Yeye hukagua hati, humsikiliza anayesema amekimbia kifo na kumfikisha panapohusika, na humkamata avunjaye sheria, awe mgeni au mwenyeji. Hahukumu watu kwa lugha yao wala kwa sura zao, kama ilivyofanyika Mbarara. Nayo Serikali haina budi kumjibu mbunge mapema na kwa ukamilifu, kwa kuwa swali likicheleweshwa Bungeni, mzigo wake humwangukia askari aliyeko mpakani.