Kijana Akiingia Chuo cha Ufundi, Ni Nani Atakayeangalia Amalize?



Katika gazeti hili umezoea kusoma habari za kahawa, ng'ombe wa maziwa na namna ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Mwezi huu nataka tuseme juu ya kijana wako aliyemaliza shule na yuko nyumbani, au yule uliyemwingiza chuo cha ufundi na sasa moyo wako hautulii kwa kuwa hujui kama atamaliza. Usifunue ukurasa mwingine ukidhani kwamba mambo haya ni ya walimu tu. Ni ya shamba lako pia.

Fikiri kidogo. Mpango wa Eka Milioni ulianza mwaka wa 1962, na kwa mpango huo familia zipatazo 35,000 zilipata mahali pa kukaa. Kila shamba lilipimwa ili litoshe nyumba moja. Halikupimwa litoshe wana watano na wajukuu ishirini. Sasa wajukuu ni watu wazima, na wewe wajua kuliko mimi ni mara ngapi kamba ya kupimia imevutwa tena juu ya shamba lile lile. Kijana mwenye robo eka tu hawezi kulisha nyumba. Lakini mwenye robo eka pamoja na ufundi mkononi, huyo ana njia mbili za kupata chakula.

Upande wetu huu, kutoka Ruiru hata Thika na kuteremka Gatuanyaga, Munyu na Ngoliba, vyuo si haba. Thika pana chuo cha ufundi kilichokuwako tangu mwisho wa miaka ya 1940. Juja pana Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ambacho kilipoanza mwaka wa 1981, kwa msaada wa Wajapani, kilikuwa chuo cha kati cha kilimo na ufundi. Tena viko vyuo vidogo vya kaunti, ambavyo wengi wetu bado huviita politekniki. Basi shida yetu si kukosa mlango wa kuingilia. Shida ni kwamba vijana huingia na hawatoki upande wa pili.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia afisi ya kilimo, na nimesikia watu wengi wakisema kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Sikubali. Tazama kijana anayejifunza uashi. Baada ya miezi sita aweza kupanga mawe na kuchanganya simiti. Huko Ruiru nyumba za ghorofa zinapanda kila upande, na msimamizi wa kazi hamwulizi mtu cheti, humwuliza kama ana nguvu. Machimbo ya mawe ya Ndarugu yako karibu, na jioni mtu hulipwa pesa zake mkononi. Karo ya muhula imechelewa, nyumbani hakuna kitu, na rafiki yake amenunua viatu. Je, wewe ungekuwa na umri wa miaka kumi na tisa ungefanyaje? Kijana huyo si mvivu hata kidogo, maana anabeba mawe tangu asubuhi hata jioni. Lakini amebaki mtu wa mkono, na miaka kumi baadaye atakuwa mtu wa mkono bado, na mgongo umeharibika.

Sababu nyingine ni ndogo mno hata wakubwa huziona ni aibu kuzitaja. Katika mkutano mmoja wa wazazi niliohudhuria, mama mmoja alisimama akamwambia msimamizi wa chuo, "Mwalimu, mwanangu hakukataa masomo. Alirudishwa langoni kwa kuwa hakuwa na ovaroli, naye akaona haya kuniambia." Msimamizi akajibu, "Mama, sisi tulidhani amepata kazi." Chuo kilikuwa na mashine za kushonea, na darasa zima la washonaji. Ovaroli ingeweza kushonwa pale pale kwa bei ya kitambaa. Lakini mzazi hakujua habari za chuo, na chuo hakikujua habari za mzazi, na kijana akapotea katikati.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Chuo kidogo hufaulu pale ambapo watu wanaokihitaji hukaa pamoja na kukipangia mambo yake. Jambo hili si geni Kenya. Mwaka wa 1966 Baraza la Makanisa lilitoa taarifa iliyouliza, mtoto akimaliza shule afanye nini? Kutokana na fikira hizo politekniki za vijiji zilianza, na shauri lake lilikuwa rahisi: majengo yawe ya gharama ndogo, halmashauri iwe ya watu wa pale pale, na ufundisho uwe wa kazi ambazo majirani wako tayari kuzinunua. Wakati ule ule, huko Botswana, Patrick van Rensburg alianzisha vikosi vya kazi pale Serowe mwaka wa 1965, ambamo vijana walijifunza huku wakijenga na kuuza kazi zao ili kulipia mafunzo. Hapa kwetu Kiambu watu walichanga kwa harambee, na mwaka wa 1973 chuo cha sayansi na ufundi cha Kiambu kikaanzishwa.

Kosa lililoingia baadaye latupasa kuliangalia sana. Politekniki nyingi zilifundisha mambo yale yale matatu, yaani useremala, uashi na ushonaji, mwaka baada ya mwaka, bila kuuliza kijiji chahitaji maseremala wangapi. Halmashauri ilikutana kuchanga mabati, na mabati yakiisha kupigiliwa, mikutano nayo ikaisha. Kupanga kozi, kufuatilia vijana na kuwatafutia kazi ya mazoezi, hayo yote waliachiwa walimu wawili au watatu wenye mishahara midogo.

Sasa wewe na majirani wako mwafanyaje? Kwanza ombeni mkutano na msimamizi wa chuo kilicho karibu nanyi. Wasije wazazi peke yao. Aje mtu wa chama cha ushirika cha kahawa au cha maziwa, waje mafundi wawili watatu wa jua kali wanaojulikana kwa kazi safi, aje mwenye karakana ya Thika anayeajiri, na waje vijana wenyewe, mmoja aliye chuoni na mmoja aliyeacha. Huyu wa mwisho ndiye atakayewafundisha mengi kupita wote, ikiwa hamtamkaripia.

Kazi ya siku ile ya kwanza ni moja tu. Toeni daftari la chuo. Someni jina la kila kijana aliyeingia mwaka uliopita, na mbele ya kila jina mwandike: yupo, amemaliza, au ameondoka. Kwa walioondoka, andikeni ni mwezi gani na kwa sababu gani. Kama hakuna ajuaye sababu, mtu mmoja apewe kazi ya kwenda nyumbani kwao kuuliza. Naomba msiruke kazi hii kwa kuwa inachosha. Mkulima hapulizi dawa kabla ya kutazama jani, ajue kama ni kutu au ni wadudu. Mkiisha kuandika mtaona kwamba walioondoka hawakuondoka ovyo; wengi huondoka mwezi ule ule, na mara nyingi ni mwezi wa karo au wa kununua vyombo.

Juu ya karo nina maneno mengi kidogo. Mihula ya masomo huanza Januari, Mei na Septemba. Kahawa yetu ya msimu mkubwa huvunwa karibu Oktoba hata Desemba, na malipo yake hayaji siku ile unapopeleka buni kiwandani, bali baada ya miezi. Basi Septemba, chuo kinapotaka pesa, mkulima wa kahawa huwa hana kitu. Maziwa ni mengine, hulipwa kila mwezi. Vyama vya maziwa hukata bei ya chakula cha ng'ombe katika malipo ya mwanachama, naye haoni uzito sana kwa kuwa hukatwa kidogo kidogo. Kwa nini karo isikatwe vivyo hivyo na kupelekwa chuoni moja kwa moja? Chuo kitakubali malipo ya kila mwezi ikiwa chama kimetia sahihi, kwa sababu ahadi ya chama hushikika kuliko ahadi ya mtu mmoja. Jambo hili mzazi peke yake hawezi kuliomba, wala mwalimu peke yake hawezi kuliamuru. Linahitaji meza moja.

Kwa wale wanaokwenda vyuo vikubwa vya taifa, ujue hivi: mwaka wa 2018 serikali iliweka karo ya shilingi 56,420 kwa mwaka, ikatoa yenyewe shilingi 30,000, na mzazi akabakiwa na shilingi 26,420. Mpango huo ulibadilishwa mwaka wa 2023, ukaingia mpango mwingine wa mikopo na msaada unaotazama hali ya kila nyumba. Kwa hiyo usitegemee hesabu aliyokupa jirani ambaye mwanawe alisoma zamani. Uliza chuoni kwenyewe, na upewe jibu kwa maandishi.

Halafu kuna habari ya kozi. Ulizaneni: ni kazi gani ambayo sisi hapa tunalipa mtu wa mbali kuja kuifanya? Nitatoa mifano, nanyi mtaongeza. Aina ya kahawa ya Ruiru 11 ilitolewa na watafiti wetu wa Ruiru mwaka wa 1985, na Batian mwaka wa 2010. Zote mbili huvumilia ugonjwa wa matunda na kutu ya majani, na mkulima aweza kubadili miti yake ya zamani kwa kuipandikiza bila kuing'oa. Mpandikizaji hodari hatafutwi na kupatikana kwa siku moja. Mashine za kumenya kahawa zikiharibika katikati ya mavuno, fundi huitwa kutoka mjini. Pampu za maji za upande wa Ngoliba, mashine za kukatia majani ya ng'ombe, pikipiki, mitambo ya jua, mabanda ya ng'ombe wasiochungwa, kila kimoja ni chakula cha mtu. Chuo hakiwezi kufundisha yote, wala haifai kijaribu. Lakini chama cha kahawa kikisema, "Tutachukua vijana wanne kila mwaka kiwandani kwa mazoezi," basi chuo kina sababu ya kumtafuta mwalimu wa mashine hizo.

Mazoezi ya kazi yapangwe kabla kijana hajaanza masomo, si wakati barua imekwisha kutolewa naye anazunguka Thika mlango hata mlango. Fundi anayekubali kumpokea aandikiwe mapatano mafupi: kijana atafika saa ngapi, atafundishwa nini, nauli ni ya nani, na atakayeharibu chombo itakuwaje. Nimeona urafiki mwingi ukivunjika kwa ajili ya msumeno mmoja.

Wale walioacha wasisahauliwe. Kijana aliyebeba mawe Ruiru miaka mitatu akajifunza kujenga kwa macho, huyo anao ujuzi ingawa hana karatasi. Mtihani wa ufundi wa NITA, wa daraja la tatu, la pili na la kwanza, huwapokea pia mafundi waliojifunza kazini. Chuo chenu chaweza kumsaidia ajiandae kwa majuma machache, hasa hesabu na kusoma michoro, ambako ndiko wengi huangukia. Majuma machache hayamwondoi mtu kazini. Hata zamani vituo vya mafunzo ya wakulima vilimwita mtu na mkewe kwa juma moja tu, kwa sababu ilijulikana kwamba ng'ombe hawangoji.

Mwisho nitaje jambo la serikali, kwa kuwa wengi hufika wakiwa wamechelewa. Kwa Katiba ya mwaka wa 2010, politekniki za vijiji ni kazi ya kaunti. Kwa sheria ya fedha ya mwaka wa 2012, kaunti hutakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya pesa kabla ya tarehe 30 Aprili, nao mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Sheria hiyo hiyo yataka wananchi wasikilizwe. Ukifika Mei kuomba mashine ya kuchomelea vyuma, utasikilizwa kwa adabu na kurudi nyumbani mikono mitupu, maana hesabu imekwisha fungwa. Maombi yenu yawe tayari Julai, nayo yataje idadi ya vijana, kozi, na jina la chama kilichokubali kuwapokea.

Muhtasari wa mkutano uandikwe nakala tatu: moja ibaki chuoni, moja iwe kwa karani wa chama, na moja ipelekwe afisi ya msimamizi wa wadi. Hii ya tatu igongwe mhuri wenye tarehe mbele yako kabla hujaondoka. Na kabla watu hawajatawanyika, wekeni siku ya mkutano wa pili, iwe juma la tatu baada ya muhula kufunguliwa, daftari lile lile likiwa mezani.