Kambale wa Maji ya Chumvichumvi Katika Baridi ya Mbeya na Iringa

Maji ya chumvichumvi hupatikana mahali mto unapokutana na bahari. Mto Ruaha Mkuu, unaoanzia kwenye miteremko ya Poroto na Kipengere na kukusanya maji ya Usangu, hupita Mtera na Kidatu, huingia Rufiji na kumalizikia katika delta yenye msitu mkubwa wa mikoko. Huko ndiko anakoishi hongwe, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Arius africanus. Masika mto ukifurika, chumvi husukumwa nyuma. Kiangazi bahari hupanda tena. Hongwe huyavumilia yote mawili, na ndiyo maana anastahili kufikiriwa kwanza na anayetaka kufuga kambale wa aina hii katika tangi la kioo nyumbani.

Kosa linaloua samaki wengi ni kudhani kwamba kila mwenye sharubu ataishi na mwenzake. Ngogo wa Mtera na wale wa Ziwa Nyasa, Synodontis njassae, ni samaki wa maji baridi; wakitiwa chumvi hudhoofika. Kambale wa kawaida, Clarias gariepinus, huvuta hewa juu ya maji na kustahimili tope, lakini naye ni wa mtoni na ziwani, tena hukua kupita mita moja na kumeza kila kinachoenea mdomoni mwake. Ziwa Rukwa nalo huwachanganya watu. Halina mto unaotoka, maji yake yana ukali, na wengi husema ni ya chumvi. Ukweli ni kwamba ukali huo kwa sehemu kubwa ni wa magadi, kitu tofauti kabisa na chumvi ya bahari. Ngogo wa Rukwa, Synodontis rukwaensis, hawezi kuwekwa na hongwe kwa hoja hiyo.

Wanaopatana na hongwe ni wachache. Ariopsis seemanni wa pwani ya Pasifiki ya Amerika huuzwa na wafanyabiashara wa samaki wa mapambo akiwa na urefu wa kidole, mara nyingi katika maji yasiyo na chumvi, jambo linalomfupishia maisha. Ana tabia kama za hongwe: huogelea katikati ya maji bila kutulia na hupenda kundi. Mystus gulio wa milango ya mito ya Asia ni mdogo zaidi na hutembea chini usiku. Tangi la lita 400 linatosha vijana watatu au wanne wanaolingana kwa ukubwa. Hongwe anaweza kupita sentimita 40, kwa hiyo asiyekuwa na nafasi ya tangi kubwa zaidi baadaye ni afadhali aanze na Mystus peke yake. Wote hula nyama: vipande vya kamba, minyoo, hata usipa wa Kyela, na chakula kitolewe jioni taa zikizimwa.

Chumvi ya mezani haifai kutengenezea maji hayo, kwa kuwa imekosa magnesiamu, kalsiamu na madini mengine ambayo bahari inayo. Kinachotakiwa ni chumvi maalumu ya akwariamu, au maji ya bahari yenyewe. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Ndoo ya lita 20 kutoka Dar es Salaam ikichanganywa na lita 60 za maji ya bomba yaliyoachwa yatoe klorini hutoa karibu gramu 9 kwa lita, kiwango kizuri kwa samaki wote watatu. Chumvi iongezwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, maana hata bakteria wa kwenye chujio, wanaoondoa sumu ya amonia, hufa mabadiliko yakiwa ya ghafla. Mawe ya chokaa ya Songwe, yakioshwa vizuri na kuwekwa chini ya tangi, husaidia maji yasigeuke kuwa na asidi.

Katika joto na hewa ndipo Nyanda za Juu zinapodai uangalifu ambao pwani haiudai. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Iringa ina afadhali kidogo tu. Hongwe anahitaji nyuzi 24 hadi 28, hivyo hita ni lazima, na mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, ili moja ikiharibika nyingine ibaki. Pande tatu za tangi zifunikwe kwa vipande vya godoro; umeme ukikatika, joto litatoka polepole. Hewa nayo ni pungufu. Maji ya nyuzi 26 yaliyo usawa wa bahari hubeba karibu miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Katika mwinuko wa Mbeya hubeba kama 6.6. Tangi lililoonekana halina samaki wengi mno Tanga laweza kuwakosesha pumzi Mbeya. Pampu ya hewa iendeshwe mchana na usiku, na ya betri iwepo akiba.

Samaki hawa wana miiba mikali kwenye mapezi, hunasa katika wavu na huchoma mkono. Wahamishwe kwa chombo cha plastiki. Aliyechomwa atumbukize mkono katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kisha aende kituo cha afya.

Kuingiza samaki hai kutoka nje ya nchi kunahitaji kibali cha mamlaka ya uvuvi. Anayechoka kufuga ampe mfugaji mwingine, na wala asimwage samaki wa kigeni katika Ruaha Mdogo, Mbarali au mto wowote unaoelekea Nyasa na Rukwa, ambako wapo samaki wasiopatikana mahali pengine duniani.