Usisubiri jointi ilie

Magari mengi madogo ya Mpanda, kuanzia IST hadi Spacio na Raum, huvutwa na matairi ya mbele. Tairi la mbele la gari kama hilo lina kazi mbili kwa wakati mmoja: linazungushwa na injini, na hapohapo linakata kona huku likipanda na kushuka kwenye mashimo. Kinachowezesha hayo ni sivi jointi, chuma cha mviringo chenye gololi sita zinazotembea kwenye mifereji iliyochongwa kwa vipimo vya hali ya juu. Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, ndiye aliyeibuni miaka ya 1920, ila ilibidi isubiri hadi 1959, Mini ilipotoka Uingereza, ndipo ikaanza kusambaa kwenye magari ya watu wa kawaida.

Juu ya chuma hicho kuna mpira mweusi wenye mikunjo, ambao mafundi huuita buti. Kazi yake ni kubakiza grisi ndani na vumbi nje.

Na vumbi ndilo Makanyagio, hapa Mpanda, haijawahi kupungukiwa. Mvua za Katavi zikikatika baada ya Aprili, ni kiangazi mpaka Novemba. Lami ya kwenda Tabora imefika, sawa, lakini gari la mtu wa huku haliishi kwenye lami. Linaingia mitaani, linakwenda shamba, linashuka Karema kufuata samaki. Mpira ambao mahali pengine ungezeeka taratibu, huku unachomwa na kijiti au unakatwa na jiwe kabla ya siku zake. Mwenye Land Cruiser mkonga atakucheka, na ana haki: kwenye gari lake jointi ya mbele imefungiwa ndani ya tufe la chuma, haina mpira wa kupasuka.

Kosa la wengi wetu ni kulitibu gari kwa masikio. Dereva anasubiri asikie ka-ka-ka-ka akikunja usukani hadi mwisho, ndipo anaenda kwa fundi, na fundi anamwambia, "Bosi, hii jointi imeshakufa." Kelele hiyo maana yake gololi zimekwishakula mifereji yao kwa mchanga. Kuweka mpira mpya wakati huo ni kumvisha maiti viatu. Dalili ya mapema haina sauti: ni michirizi ya grisi nyeusi iliyorushwa upande wa ndani wa rimu, pengine hadi kwenye shokapu. Kunja usukani hadi mwisho, chutama, mulika kwa tochi ya simu katikati ya mikunjo ya mpira. Ukiikuta grisi bado laini na jointi haijaanza kulia, kazi hii inafanyika nyumbani.

Anza asubuhi, kabla upepo haujaamka, na umwagie uwanja maji kwanza. Sitanii. Kazi nzima ni kupigana na mchanga, na punje chache zikiingia kwenye grisi mpya zitafanya kilekile ulichokuwa unakizuia.

Nati ya katikati ya habu ilegezwe tairi likiwa bado chini, breki ya mkono imevutwa. Kwenye Toyota nyingi ndogo inaingia boksi namba 30, na hukazwa hadi nyutoni-mita 216, yaani kama kilo 22 zikining'inia kwenye ncha ya bomba la mita moja. Ikishika kutu hudai zaidi, hivyo tafuta bomba refu. Kisha piga jeki, ukiiwekea ubao mzito chini kwa sababu udongo huzama, na uegemeze gari kwenye stendi imara. Jeki peke yake haiaminiki.

Ukitoa tairi, kaliipa ya breki ifunge kwa waya mahali pa juu. Isining'inie kwa paipu yake. Fungua tairodi na boljointi ya chini, habu ivutike nje. Shafti inayobeba jointi ikigoma kutoka kwenye habu, rudisha nati hadi ilingane na ncha, weka kipande cha mti, ndipo ugonge. Anayegonga chuma kwa chuma huharibu nyuzi, na kazi ya mpira inageuka kuwa ya kununua shafti.

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanaipiga jointi ya nje, ile ya upande wa tairi, wakidhani itachomoka, lakini kwenye Toyota nyingi haikutengenezwa itoke kwenye shafti. Mpira wa nje huingizwa kutokea upande wa pili. Kata mikanda ya chuma ya mpira wa ndani, ule wa upande wa gia boksi, uvute shafti itoke kwenye kikombe chake. Kikombe kibaki kwenye gia boksi, hapo oili haimwagiki. Utakuta chuma chenye miguu mitatu na magurudumu yake. Kiwekee alama ya rangi pamoja na shafti, toa ringi inayokizuia, kichomoe. Sasa mipira yote miwili inapita, na kwa kuwa umefika huko, badilisha yote.

Osha jointi kwa mafuta ya taa, ikauke kabisa, halafu ikunje huku ukiitazama gololi moja moja. Ukiona vishimo au chuma kilichobanduka, acha kusumbuka, agiza jointi nyingine. Kama ni safi, ijaze grisi nyeusi yenye molibdeni inayokuja na mpira, paketi nzima, ukiisukuma kwa kidole hadi katikati ya gololi. Grisi ya kawaida ya beringi haifai hapa. Kabla ya kukaza mkanda wa mwisho, penyeza bisibisi nyembamba chini ya ukingo wa mpira hewa itoke, la sivyo utavimba au utanyonywa ndani, na mikunjo itaanza kusuguana.

Kuna mipira yenye mshono ubavuni inayogundishwa kwa gundi bila kufungua chochote. Mimi siiamini kwa gari la huku: tone la grisi kwenye mshono linatosha gundi isishike. Kufunga ufa kwa vipande vya tyubu ni kwa ajili ya kufika nyumbani tu.

Unaporudisha, weka kotapini mpya mahali pa kila uliyochomoa na ukaze nati ya habu kwa kipimo chake tairi likiwa chini. Baada ya siku chache za barabarani, mulika tena kwenye mikanda yote miwili ya kila mpira. Grisi ikichungulia kwenye mkanda mdogo, ule wa upande wa shafti, mara nyingi haukukaa kwenye mfereji wake. Ulegeze, uusogeze, uukaze upya.