Kusomea Usanifu wa Michoro kwa Njia ya Mtandao

Vyama vya msingi vinavyofungasha mazao yao wenyewe, kama vile asali, mchele au kahawa ya kusaga, vinahitaji lebo, na lebo inahitaji mtu wa kuisanifu. Huenda basi kamati ikapokea ombi kwamba kijana wa chama alipiwe kutoka fungu la elimu ili asomee usanifu wa michoro kwa njia ya mtandao. Ombi la namna hiyo si la kupuuzwa, wala si la kupitishwa kwa haraka.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba usanifu wa michoro si kuchora tu. Ni kazi ya kupanga maandishi, picha na rangi ili mtazamaji aelewe upesi kile anachoambiwa. Mtu asiyeweza kuchora ng'ombe aweza kuwa msanifu hodari, mradi ajue kuchagua herufi na kuacha nafasi tupu inapostahili.

Kusoma kwa mbali si jambo geni kwa wanaushirika. Katika miaka ya 1960 na 1970, Kituo cha Elimu ya Ushirika cha Moshi kilifundisha kwa posta, na vikundi vya masomo vilikutana kujadili somo lililopokewa. Leo chombo ni kingine. Chuo cha sanaa cha CalArts, huko California, Marekani, kimetoa kupitia Coursera kozi za misingi ya usanifu, herufi, utengenezaji wa picha na historia ya fani hii. Masomo hayo ni mazuri. Hata hivyo hufundishwa kwa Kiingereza, na kazi za mwanafunzi hukaguliwa na wanafunzi wenzake, ambao pengine macho yao hayajakomaa kuliko yake.

Kuhusu programu za kompyuta, hakuna sababu ya kutumia fedha nyingi. Inkscape na GIMP hupatikana bure na zinatosha kwa mwanzo. Gharama iko katika kompyuta yenyewe na vifurushi vya intaneti, kwa kuwa masomo ya video hula data nyingi.

Jambo ambalo mtandao hauwezi kulifundisha vya kutosha ni mtambo wa kuchapa, na hapo ndipo fedha za wanachama hupotea. Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mtambo hutumia wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani kinachong'aa kwenye kioo chaweza kutoka kimefifia kwenye karatasi. Vivyo hivyo picha iliyopigwa kwa simu na kupunguzwa ukubwa ilipotumwa yaonekana safi kiganjani, lakini uchapaji mzuri hudai takribani nukta 300 kwa kila inchi. Yaani picha ya upana wa sentimita 10 yahitaji nukta zipatazo 1,180. Rangi ya ukingoni nayo sharti ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 hivi, la sivyo kisu kikiteleza kidogo patabaki utepe mweupe. Na ile mistari ya bakodi isichapwe kwa rangi nyekundu ili kupendeza: mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo mistari myekundu huwa kama haipo.

Kwa hiyo Ndugu Katibu, kamati ikikubali ombi, chama kilipe kwa awamu, kila awamu baada ya kijana kuonyesha kazi aliyoifanya. Cheti peke yake kisiwe kipimo. Mwombeeni nafasi ya wiki chache kwa mpiga chapa aliye karibu, akaone karatasi ikiingia na kutoka mtamboni. Lebo yake ya kwanza ichapwe nakala ya majaribio, ibandikwe kwenye chupa au mfuko halisi, na wanachama, wakiwemo wazee wenye macho hafifu, waisome kwa umbali wa hatua mbili kabla ya kuagiza nakala elfu.

Mwisho, makubaliano ya maandishi yataje kwamba mafaili asilia ya lebo ni mali ya chama na nakala yake ibaki ofisini. Bila hayo, siku chama kitakapotaka kubadili tu uzito kutoka gramu 500 kuwa gramu 250, kitalazimika kulipia lebo nzima upya.