Jalada la jarida la muziki: Kompyuta huweza mengi, si yote

JARIDA la muziki halina sauti. Anayepita mbele ya kibanda cha magazeti hasikii udi wala ngoma. Anachokiona ni karatasi moja yenye picha, jina na maneno machache. Karatasi hiyo ndiyo jalada, nalo ndilo lenye jukumu la kumsimamisha mpita njia, atie mkono mfukoni na kununua.

Kwa miaka mingi kazi ya kusanifu majalada ilikuwa ya mafundi wachache wa mijini, waliomiliki mitambo ya bei ghali. Mambo yamebadilika. Kijana aliyeko Kiunga, kijiji cha Wabajuni kilicho kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia, anaweza kupiga picha kwa simu, akaisafisha kwa programu ya kuhariri picha, na kupeleka mtamboni jalada lisilo na tofauti na lile la Nairobi.

Hata hivyo, wepesi huo umezaa swali zito. Ikiwa kompyuta inaweza kumhamisha mtu, kumbadilisha rangi au kumvika nguo asizozivaa, mhariri asimame wapi? Kiunga ni mahali pazuri pa kulitazama swali hilo, kwa sababu katika kijiji ambamo watu wanajuana kwa majina na kwa nasaba, sura iliyo jaladani si ya mgeni. Ni ya mama wa fulani, au ya mvuvi aliyeonekana sokoni asubuhi ile ile.

Hazina isiyopigwa picha

Eneo la Lamu si geni katika muziki. Marehemu Zein l'Abdin, mcharazaji udi aliyefariki mwaka 2016, alikuwa mzaliwa wa Lamu, na sauti yake ilifika Ulaya kupitia sahani ya mtindo wa Mombasa iliyotolewa Uingereza mwaka 1990. Nao Wabajuni wana nyimbo zao zilizo na umri mrefu kuliko kanda na sahani. Zipo nyimbo za kimai za watu wa bahari, na zipo vave, nyimbo za wakulima zinazofungamana na kazi ya kufyeka na kuchoma msitu ili kuandaa mashamba.

Tuchukue mfano wa jarida dogo linalotaka kutoa toleo kuhusu nyimbo za vave. Mpiga picha amewapanga waimbaji sita ufuoni mwa Kiunga, bahari ikiwa nyuma yao. Picha ni nzuri, lakini ni pana kuliko urefu wake, na jalada ni refu kuliko upana wake. Hapo ndipo kazi inapoanza, na ndipo vishawishi vinapoanza pia.

Vipimo kwanza

Makosa mengi ya majalada hutokea kabla ya rangi wala herufi kuguswa. Jarida la ukubwa wa A4 lina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Kwa kuwa kisu cha kiwanda hakikati sawasawa kila mara, msanifu huongeza milimita 3 kila upande, hivyo turubai yake huwa milimita 216 kwa 303. Picha huenezwa hadi mwisho wa nyongeza hiyo, lakini maneno na nyuso za watu huwekwa mbali na ukingo, zisije zikakatwa.

Kipimo cha pili ni wingi wa nukta zinazounda picha, yaani pikseli. Uchapishaji wa majarida huhitaji takriban nukta 300 katika kila inchi. Kwa turubai tuliyoitaja, hesabu hiyo inadai picha ya pikseli zipatazo 2,551 kwa 3,579. Simu yenye kamera ya pikseli milioni 12 hutoa picha ya 3,000 kwa 4,000, na hiyo inatosha.

Tatizo huja picha hiyo inapotumwa kwa njia za ujumbe zinazoibana ili iende haraka. Picha iliyobanwa hadi pikseli 1,200 kwa 1,600 huweza kuchapishwa vyema kwa upana wa sentimita 10 tu. Ikilazimishwa kujaza jalada, sura ya mwimbaji hutoka na ukungu. Ndiyo maana wahariri wenye uzoefu hudai faili asilia, hata kama itabidi isafirishwe kwa kadi ya kumbukumbu ndani ya boti hadi Lamu.

Tabaka juu ya tabaka

Programu inayojulikana zaidi katika kazi hii ni Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, na kuanza kuuzwa na kampuni ya Adobe mwezi Februari 1990. Kwa asiyeweza kulipia ada zake, ipo GIMP, iliyotolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 1996, ambayo haina malipo na hufanya kazi bila intaneti. Ipo pia Scribus, nayo ni ya bure, inayosaidia kupanga kurasa na kutayarisha faili ya mtamboni.

Siri ya programu hizi ni matabaka. Msanifu huwa kama mtu aliyelaza vioo kadhaa, kimoja juu ya kingine. Kioo cha chini kina picha ya ufuo, cha pili kina mwimbaji aliyekatwa kutoka usuli wake, cha tatu kina jina la jarida, na cha juu kina vichwa vya makala. Kila kioo huweza kusogezwa au kuondolewa bila kuharibu vingine. Kwa njia hii, kichwa cha mwimbaji huweza kufunika herufi moja ya jina la jarida, akaonekana kana kwamba amejitokeza mbele ya ukurasa.

Tabaka hufaa pia kwa marekebisho. Badala ya kuubadilisha mwanga moja kwa moja juu ya picha, fundi mwangalifu huweka marekebisho hayo katika tabaka la peke yake. Akizidisha, hulifuta na kuanza upya, huku picha asilia ikibaki salama.

Jina la jarida huwekwa juu kabisa, kwa kuwa magazeti hupangwa kwa kupandiana na sehemu ya juu ndiyo inayoonekana. Vichwa vya makala visizidi vitatu au vinne, na aina za herufi zisizidi mbili. Maneno yawekwe mahali palipotulia, mfano angani au baharini, si juu ya nguo zenye nakshi. Chini huachwa kisanduku cheupe cha msimbo wa mistari unaosomwa na mashine za madukani.

Mwanga nao una hesabu yake. Jua la Kiunga la saa sita mchana hutia kivuli cheusi usoni mwa kila aliyevaa kofia, na hakuna programu inayoondoa kivuli hicho bila kuacha alama. Kwa kuwa kijiji kinaelekea mashariki, saa ya kwanza baada ya macheo humpa mpiga picha mwanga laini, tena bila gharama yoyote.

Mafunzo ya wakubwa

Turejee kwa wale waimbaji sita. Njia rahisi ya kuwaingiza katika jalada jembamba ni kuwakata mmoja mmoja na kuwasogeza karibu. Jarida la National Geographic lilifanya jambo la aina hiyo katika toleo la Februari 1982, lilipozisogeza piramidi za Giza, Misri, ili picha pana itoshee jalada lake. Wakati huo Photoshop ilikuwa haijazaliwa. Lawama zilizofuata zilidumu kwa miaka, kwani wasomaji walijiuliza kama picha nyingine za jarida hilo nazo zilikuwa zimeguswa.

Mwaka 1989, jarida la TV Guide lilichapisha jalada lenye kichwa cha Oprah Winfrey juu ya mwili wa mwigizaji Ann-Margret. Na mwezi Juni 1994, Time ilitoa picha ya polisi ya mchezaji wa zamani O.J. Simpson ikiwa imetiwa weusi kuliko asili. Kwa kuwa Newsweek ilitumia picha hiyo hiyo bila kuigeuza, wasomaji waliyaona majarida hayo mawili yakiwa kando kwa kando, nao wakajionea wenyewe.

Kisa hicho cha mwisho kina uzito wake Afrika Mashariki, ambako kosa huwa la upande wa pili. Ni jambo la kawaida kuona mwimbaji aliyefanywa mweupe jaladani hata jamaa zake wakasita kumtambua. Kuinua mwanga ili uso uliokuwa kivulini uonekane ni kurekebisha picha. Kuibadilisha rangi ya ngozi ni kumwambia msomaji kwamba mwimbaji huyo, kama alivyo, hakustahili kuonekana.

Kipo kishawishi kingine, na hiki ni cha Kiunga hasa. Fuo za huko hupokea malapa yaliyochakaa yanayoletwa na mikondo ya bahari. Mwaka 1997, Julie Church, mtaalamu wa uhifadhi wa bahari, aliwaona watoto wa eneo hilo wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa malapa hayo. Jambo hilo likazaa kazi ya mikono ya kina mama, na baadaye shirika la Ocean Sole, ambalo vinyago vyake vya rangi nyingi huuzwa nchi za nje. Msanifu asiyejua historia hiyo atayafuta malapa yote mchangani ili ufuo upendeze. Anayeijua huenda akaliacha moja, kwa sababu ndilo linalotambulisha mahali.

Idhini kabla ya kipanya

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Katika jamii za Kiislamu za Lamu, sehemu kubwa ya nyimbo na ngoma za wanawake huchezwa ndani, wanaume wakiwa mbali. Mwanamke aliyekubali kupigwa picha na shogaye katika arusi hakukubali kutundikwa katika vibanda vya magazeti. Kompyuta haioni tofauti hiyo, kwani kwake faili ni faili. Lakini nyumbani kwa mwanamke huyo tofauti ni kubwa, na jalada likishachapishwa halirudishwi.

Sheria nayo ina neno. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawapa waandishi wa habari nafuu fulani, ila nafuu hiyo imefungamanishwa na manufaa ya umma. Mwezi Septemba 2023, ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe Sh1.85 milioni kwa kuanika picha ya mteja. Mpiga picha pia ana haki yake: nchini Kenya hakimiliki ya picha hudumu miaka 50, na picha iliyookotwa mtandaoni si mali ya aliyeiokota.

Dawa ni karatasi moja: makubaliano mafupi, kwa lugha anayoielewa anayepigwa picha, yanayotaja kwamba picha ni ya jalada, itatumika wapi, na kama kuna malipo. Bora zaidi ni kumwonyesha mwimbaji jalada lenyewe kabla halijaenda mtamboni. Tangu mwaka 2023, Photoshop imekuwa na uwezo wa kubuni sehemu nzima ya picha kwa maagizo ya maneno tu, na hivyo haja ya kumwonyesha imekua. Aliyekubali kupigwa picha hakukubali kubuniwa.

Hadi mtamboni

Kioo cha kompyuta hutumia mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mtambo wa chapa hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kwa sababu hiyo bahari inayong'aa kiooni huweza kutoka imefifia karatasini. Faili igeuzwe kwa mpangilio wa rangi unaotakiwa na mchapishaji, na nakala moja ya majaribio itazamwe nje, penye mwanga wa jua.

Na wale waimbaji sita? Jibu halimo ndani ya programu. Mpiga picha angeweza kuwapanga watatu wakae na watatu wasimame nyuma yao, akaigeuza kamera wima, na picha ikatosha jalada bila mtu kusogezwa. Kama nafasi hiyo imepita, mhariri achague sura moja kwa jalada na kuwapa wote sita kurasa mbili za ndani, kwa upana wao, wakiwa kama walivyosimama asubuhi ile ufuoni. Toleo litakaporudi Kiunga, kila mmoja wao ataweza kulishika na kuwaonyesha wanawe.