Zama za Habari: Kilichoshuka Bei na Kilichopanda

Kwa karne nyingi kazi ngumu haikuwa kuijua habari bali kuifikisha. Mkongo wa simu ya maandishi ulipofika Unguja mwaka 1879 kutoka Aden, muda wa ujumbe kufika London ulianza kuhesabiwa kwa saa badala ya majuma. Hata hivyo, wenye kufaidi walikuwa mabalozi, kampuni za meli na wafanyabiashara wakubwa, kwa sababu kila neno lililipiwa. Mtu wa kawaida aliendelea kutegemea barua, au msafiri anayeelekea upande huo. Hata vizazi viwili vilivyopita, familia iliyofiwa ilipeleka tangazo redioni na kuomba tu kwamba ndugu walioko mbali wawe wamewasha redio saa hiyo.

Msingi wa zama za sasa uliwekwa katika maabara za Bell nchini Marekani. Transista ilibuniwa hapo mwaka 1947, na mwaka mmoja baadaye Claude Shannon alionyesha kwamba ujumbe wa aina yoyote, uwe sauti, picha au maandishi, unaweza kupimwa kwa kipimo kimoja kidogo cha ndiyo au hapana, yaani biti. Tangu hapo wimbo, hundi na picha ya harusi vikawa mzigo wa aina moja, unaopita njia moja. Tim Berners-Lee alipendekeza mtandao wa kurasa mwaka 1989 akiwa katika taasisi ya utafiti ya CERN, Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 taasisi hiyo ikauachia ulimwengu bila malipo.

Afrika Mashariki ilichelewa kuingia. Hadi mwaka 2009 ilitegemea setilaiti, na intaneti yake ilikuwa ghali na ya kujikokota. Juni mwaka huo mkongo wa TEAMS ulizinduliwa Mombasa ukitokea Fujairah. Julai ukafuata SEACOM, uliopita Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka 2010 EASSy. Kati ya waya wa Unguja na mikongo hiyo ilipita miaka 130.

Sifa iliyobadilisha mambo ni moja tu: habari ya kidijiti hunakiliwa na kusafirishwa kwa gharama inayokaribia sifuri, na hakuna mlinzi mlangoni anayeamua ipi ipite. Faida zinazosifiwa zimetoka hapo, na hasara zinazolalamikiwa zimetoka hapohapo. Kwa hiyo anayetarajia kubaki na faida na kutupa hasara, kama achambuaye mchele kwenye ungo, atangoja sana.

Faida ya habari ya bei nafuu ilipimwa vizuri sana sokoni, tena soko la samaki. Kati ya mwaka 1997 na 2001 simu za mkononi zilisambaa kwa awamu katika pwani ya Kerala, kusini mwa India, na mchumi Robert Jensen akafuatilia bei za saladini katika masoko ya ufukweni. Kabla ya simu, mvuvi mwenye mtumbwi uliojaa hakuwa na njia ya kujua ni ufukwe upi wenye wanunuzi. Wengine walimwaga samaki baharini huku, umbali wa kilomita chache, wanunuzi wakiondoka mikono mitupu. Simu zilipofika, wavuvi waliulizia bei wakiwa bado majini. Bei za masoko zikakaribiana, samaki wa kutupwa wakaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa takriban asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Bahari haikuongeza samaki. Kilichoongezeka ni taarifa.

Nchini Kenya mfano ulio wazi zaidi ni pesa. Safaricom ilianzisha M-Pesa Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo, kijana wa mjini aliyetaka kumtumia mama yake chochote alimkabidhi dereva wa basi bahasha na kumwachia Mungu mengine. Katika M-Pesa noti hazisafiri. Kinachosafiri ni taarifa kwamba salio la huyu limepungua na la yule limeongezeka. Noti zenyewe ziko kwa wakala na benki. Uchunguzi wa Tavneet Suri na William Jack, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Science, ulikadiria kwamba huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini, sawa na asilimia 2 ya kaya zote, na kwamba wanawake wapatao 185,000 walihama kutoka kilimo cha kujikimu kwenda biashara. Sababu yake haina ajabu. Mtu akiuguliwa au mvua isiponyesha, ndugu aliye mbali anaweza kumwinua siku hiyohiyo, kabla hajauza mbuzi wa mwisho au kumwondoa mtoto shule.

Ajira nazo ziliguswa. Jonas Hjort na Jonas Poulsen walilinganisha maeneo ya Afrika yaliyounganishwa na mikongo ya baharini na yale ambayo hayakufikiwa, Tanzania na Kenya zikiwemo katika takwimu zao, na mwaka 2019 wakaonyesha kwamba kazi ziliongezeka kwa kiwango kikubwa palipofika intaneti ya kasi, hata kwa watu wenye elimu ndogo. Faida nyingine hazihitaji utafiti. Matokeo ya mitihani ya taifa, ambayo zamani yalifuatwa hadi ubaoni shuleni, husomwa leo juu ya kitanda. Kamati ya harusi iliyokuwa ikikutana kila Jumapili imegeuka kikundi cha WhatsApp, na orodha ya waliotoa na wanaodaiwa ahadi zao hubandikwa humo kila asubuhi, jambo ambalo si kila mwanakikundi angeliita faida.

Pande mbili za sifa hiyohiyo ya habari kusafiri kwa bei nafuu zilionekana kwa pamoja nchini Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ujumbe mfupi wa simu ulitumika kusambaza chuki za kikabila na kuwachochea watu dhidi ya majirani zao. Januari 2008, Ory Okolloh na wenzake, akiwemo Juliana Rotich, walianzisha Ushahidi, jukwaa ambalo mwananchi aliweza kulitumia kuripoti ghasia alizoziona, na taarifa yake ikawekwa kwenye ramani. Simu zilikuwa zilezile na minara ileile.

Methali isemayo njia ya mwongo ni fupi ilitungwa kabla ya mitandao ya kijamii. Watafiti wa MIT walichambua habari zipatazo 126,000 zilizozungushwa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017. Walikuta kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko ya kweli, na kwamba waliobeba uongo huo hasa ni binadamu, si roboti. Sababu waliyoipa uzito ni upya: uongo hushangaza, na kinachoshangaza hutumwa mbele. Katika vikundi vya WhatsApp kuna ugumu mwingine. Ujumbe haujulikani chimbuko lake, lakini anayeuleta ni shangazi au mzee wa kanisa, na heshima aliyonayo huyo hupewa ujumbe.

Hapo ndipo ilipo gharama kubwa kuliko zote za zama hizi, ingawa haionekani katika bei ya bando. Kazi ya kuhakiki imehama. Zamani mhariri, mtangazaji au mkutubi alilipwa kuchuja. Aliweza kukosea au kupendelea, lakini alikuwa na jina na anwani, na aliweza kushtakiwa. Leo kazi hiyo ameachiwa msomaji, naye ama huifanya bure ama haifanyi. Mwaka 1971 Herbert Simon, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi, alieleza kwamba habari hula uangalifu wa wanaoipokea, hivyo wingi wa habari huzaa uhaba wa uangalifu. Kampuni zinazotoa huduma za bure mtandaoni zimejengwa juu ya uhaba huo: zinavuna muda wa watu na kuuuza kwa watangazaji. Kinachowafanya watu wasiweke simu chini hupewa nafasi ya mbele, kiwe kweli au kisiwe.

Kwa wasemaji wa Kiswahili ulinzi ni hafifu zaidi. Nyaraka za ndani za Facebook zilizofichuliwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba asilimia 87 ya bajeti ya muda wa kutambua habari potofu ilielekezwa Marekani, na asilimia 13 iliyobaki ikagawanywa kwa dunia nzima. Kampuni ilijibu kwamba takwimu hiyo haikuwa kamili.

Hasara nyingine imekuja kwa mlango wa mikopo. Programu za kukopesha kwa simu humpa mkopaji hela ndani ya dakika chache, bila dhamana na bila kuulizwa maswali, ila humtaka kwanza aruhusu programu isome orodha ya namba zake. Akichelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha hutumwa kwa bosi, mkwe na wanakwaya wenzake. Tanzania mikopo ya riba kali imepewa jina la kausha damu, na toleo lake la mtandaoni linakausha na heshima pia. Kenya ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Benki Kuu iwasimamie wakopeshaji hao. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na kuzipiga marufuku. Matapeli wa kawaida hawakuhitaji hata programu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hutumwa kwa maelfu kwa kubahatisha, na mmoja tu akiwa kweli alikuwa anadaiwa, gharama ya tapeli imerudi.

Kuna pia udhaifu wa kutegemea uzi mmoja. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki, na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa, Tanzania ikiathirika sana. Julai 2023 jukwaa la eCitizen, ambalo serikali ya Kenya imekusanyia maelfu ya huduma zake, lilishambuliwa na wadukuzi, na watu wakashindwa kupata viza na hata tiketi za treni. Nyakati nyingine uzi hukatwa makusudi: Kongo ilizimiwa intaneti baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, Uganda katika uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania katika ule wa Oktoba 2025. Serikali husema zinazuia uchochezi. Lakini swichi hiyo humzima pia wakala, mama lishe anayelipwa kwa simu na mgonjwa anayemtafuta daktari, na huwaacha wananchi gizani saa ambayo taarifa sahihi inahitajika kuliko wakati wowote.

Na wako ambao zama hizi hazijawafikia. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mawasiliano ITU, ulikadiria kwamba mwaka 2024 asilimia 68 ya watu duniani walitumia intaneti, ilhali Afrika ilikuwa asilimia 38. Pengo hilo si la kukosa burudani tu. Fomu inapohamia mtandaoni na dirisha la ofisini likafungwa, mwenye simu ya kitochi anapoteza hata alichokuwa nacho; anamlipa kijana wa kibandani amjazie, na kumpa namba zake za siri kwa hiari. Wengine wamo ndani ya zama hizi lakini kwenye chumba cha nyuma. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya kampuni ya akili bandia ya OpenAI, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi ya ukatili na unyanyasaji ili mashine ifundishwe kuyaepuka. Usafi wa majibu ambayo mtumiaji huyaona una watu waliousafisha.

Dawa za hasara hizi bado ni changa, na nyingine ni kali kuliko ugonjwa. Uganda ilitoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018. Mwaka 2021 ikaiacha na kuweka ushuru wa asilimia 12 kwenye bando. Sheria za makosa ya mtandao, ya Tanzania ya mwaka 2015 na ya Kenya ya mwaka 2018, zimewakamata matapeli, lakini zimetumika pia dhidi ya waandishi na wakosoaji, hivyo haziwezi kuitwa kinga ya mwananchi bila kusita.

Zenye matumaini zaidi ni sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, kwa sababu zinamwezesha mtu mmoja kumdai mwenye kumbukumbu zake. Anayekusanya namba, picha au rekodi ya ugonjwa anatakiwa aeleze anazitaka kwa kazi gani, na mhusika ana haki ya kuomba zisahihishwe au zifutwe. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya ilizipiga faini taasisi tatu kwa pamoja: mkopeshaji wa mtandaoni Sh 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wasiomkopa, sehemu ya starehe ya Nairobi Sh 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule Sh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ofisi kama hiyo ipo Tanzania kwa jina la Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mwananchi ambaye namba au picha yake imetumiwa bila ridhaa anaweza kupeleka malalamiko yake huko.